Placida Haingii Kwenye Orodha ya Wafiwa

“Placida haingii kwenye orodha ya wafiwa, Deodatus! Kahigi ameacha mjane mmoja, ndiye mimi Pulkeria, basi.”

“Mama, marehemu mwenyewe aliniagiza.”

“Alikuagiza wewe, hakuniagiza mimi.”

Deodatus, aliyekuwa akiendesha baiskeli pamoja na marehemu, ametoka kwa hasira, anasema anakwenda kumleta huyo Placida tumwone sote. Aende. Vero, mjukuu wangu, andika ninavyosema wala usininyooshee maneno. Kesho utayasoma kaburini.

Marehemu Mzee Alistides Kahigi alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Bugomora, ambako siku hizi ni Wilaya ya Kyerwa. Mama mkwe wangu Anatolia alikuwa akisema mtoto alitoka akipiga miguu kwa zamu, mmoja juu, mmoja chini. Sikuwepo, lakini nasadiki.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1966. Mimi shule niliiona kwa nje tu, na bado ni yeye aliyekuwa akiniuliza mvua itanyesha lini.

Tulifunga ndoa Jumamosi, tarehe 20 Julai 1974. Alinibeba kutoka kwetu Bugene hadi hapa Nyakasimbi kwa baiskeli nyeusi, mimi nyuma kwenye karia, gauni nimelikunja lisiingie kwenye spoku. Wasichana wa njia nzima walikonda kwa wivu, na wengine hawajanenepa mpaka leo. Mungu alitupa watoto sita.

Kazi yake ilikuwa kahawa na migomba, na kufufua baiskeli kuukuu. Mwaka 1993 alinitumia mtu kutoka Bugene: “Mwambie mama, kesho nakuja na Placida.” Nikajua ameoa. Nikapika ebitoke, ndizi zetu, kwa chumvi ya kumtosha fahali, nikamngojea bi harusi mlangoni na mwiko. Kahigi akaingia akisukuma baiskeli ya gia, ya kupandia milima, iliyoachwa na mzungu fulani, kutu tupu. Ndiye Placida! Na ili ampate, alikuwa ameiuza ile nyeusi ya harusi yangu.

Miezi minne alimsugua kwa msasa, akamlowekea mnyororo kwenye petroli, akamfuatia breki hadi Bukoba. Mwaka huohuo visigino vyangu vilipasuka mpaka kuku walikuwa wanadonoa humo, hakuuliza. Kila Jumapili baada ya misa, yeye na Deodatus waliteremka mlima kwa kasi ambayo kivuli chake kilifika kesho yake, kikaomba chai. Nikamwambia, “Nipakie na mimi.” Akasema, “Placida hana karia, mama. Karia itamharibu umbo.” Miaka thelathini na miwili kuna umbo linalindwa nyumba hii, na siyo langu!

Januari mwaka huu wa 2025 figo zilianza kumsumbua. Alilazwa mara tatu. Mimi nashika bakuli la uji, yeye anauliza, “Placida amefunikwa?” Mwezi wa nne alimtuma Deodatus ampeleke Placida kwa mchomeleaji Bugene. Nikajua anakwenda kupambwa. Jumanne tarehe 3 Juni, saa nne asubuhi, alinishika mkono akasema, “Pulkeria, sasa utakaa.” Nikadhani ananiambia nitabaki peke yangu. Nikamjibu, “Nitakaa, mume wangu.” Akatabasamu, akaenda.

Ameacha mjane mmoja, watoto sita, wajukuu kumi na tisa. Hapo kwenye mjane mmoja, Vero, piga mstari chini yake. Mungu ampumzishe mahali pa tambarare, pasipo na mteremko wa kumshawishi.

Nani huyo langoni? Deodatus. Na mbona umemfunika huyo kwa kitenge changu cha jikoni?

“Shikamoo tena, mama. Kifunue mwenyewe.”

“Marahaba. Sishiki mwili wa mke mwenzangu.”

“Basi nakifunua mimi. Tazama nyuma.”

“Mawe, mama yangu! Hii nini?”

“Karia, mama. Na mto wake juu. Aliniambia upana nipime kwa kigoda chako cha jikoni. Alisema atakuambia mwenyewe kwamba sasa utakaa.”

Vero, weka kalamu chini. Hapana, ngoja, ishike. Pale kwenye wafiwa, pale nilipokuambia upige mstari—