Kengele ya Kitanda cha Tisa

Asubuhi ile benchi la nje ya geti la hospitali lilikuwa na wenyewe watatu, na kahawa ilikuwa chungu kama kawaida. Fundi Swichi, anayetunza mitambo ya mtandao ya hospitali, hakuigusa yake. Jana umeme ulikatika kidogo ukarudi, na sekunde hizo hizo wodini mzee mmoja akabonyeza kengele ya kumwita nesi. Haikulia. Akashuka kitandani mwenyewe, akaanguka, alfajiri akafariki. Leo saa nne Fundi anaitwa mbele ya kamati ya uchunguzi.

— Hebu tueleze tena, alisema Wakili, muuza miavuli aliyejifunzia sheria kwenye foleni za mahakama.

— Swichi, lile boksi linalounganisha nyaya za mtandao, za kengele zikiwemo, likiwaka upya, kila mlango wa waya unasubiri. Sekunde kumi na tano unasikiliza kama kuna njia inayojizunguka. Kumi na tano unajifunza nani yuko wapi. Ndo unapitisha ujumbe.

— Si imefanya kazi yake! Kawia ufike.

— Mzee wa kitanda cha tisa hakufika, Wakili.

— Mimi nalaumu sekunde, alidakia Majira, fundi wa saa. — Za siku hizi zimevimba kwa joto. Nazifungua kila siku, naziona.

— Au swichi ina kinyongo, Wakili akaongeza. Si ulishaipiga kofi? Mtenda akitendewa!

Fundi alitaka kucheka, akashindwa. Mlango wa waya wa kengele hauna haja ya kusubiri. Mwaka jana aliuamuru upitishe papo hapo, akaujaribu, ukakubali, akaenda kula. Hakuihifadhi ile amri. Umeme ulipokatika, swichi ikasahau. Aliyejua hilo duniani ni yeye peke yake, na aliogopa.

— Sema ni umeme, Wakili akanong'ona. — Funika kombe mwanaharamu apite.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akinunua kahawa aliwageukia. Mkononi alikuwa na mfuko wa nguo za mgonjwa.

— Samahani, kaka zangu. Nimewasikia mkitaja kitanda cha tisa. Yule ni baba yangu. Hakupenda kusumbua watu. Alibonyeza mara ngapi?

Wakili akaanza kupanga miavuli iliyokwisha kupangwa. Majira akainamisha kichwa. Fundi alijua kwamba jibu haliko popote, kwa sababu mlango unaosubiri hutupa kila unacholetewa, wala hauweki kumbukumbu.

— Sijui, dada. Na hakuna atakayejua.

Akasimama, maana yaliyobaki hakuweza kuyasema akiwa amekaa.

— Pole sana. Ile amri ya kuufungua mlango wa kengele mapema umeme ukirudi niliiweka mimi, sikuihifadhi. Kosa ni langu. Nakwenda kuiambia kamati.

Mwanamke akaweka kikombe chini, akauhamishia mfuko bega la pili.

— Twende, alisema. — Nataka nikusikie ukisema.