Eldon Kudrna, Aliyetua Kwingine

Baba Paroko, mama mfiwa, ndugu, majirani wa Harmon Creek, pamoja na ninyi mabwana watatu wa chama cha marubani, mlioingia kanisani wimbo wa kwanza ukiwa umekwisha kwa sababu mliona heri mtue mji wa jirani wenye mgahawa mzuri, tunaomba utulivu, historia ya ndugu yetu isomwe. Inasomwa na mdogo wake, Milo, ambaye hakuiomba kazi hii, aliombwa jana mchana na mjane, Verna, jikoni kwake, baada ya watu wawili kukataa, na maagizo aliyopewa yalikuwa mafupi: "Soma ukweli, shemeji, usimpambe, alishajipamba vya kutosha mwenyewe."

Marehemu Eldon Joseph Kudrna alizaliwa tarehe 11 Machi 1947, hapa hapa Harmon Creek, magharibi mwa Nebraska, akiwa mtoto wa kwanza wa Emil na Blanche Kudrna, na miaka mitano baadaye akafuatiwa na huyu Milo, jambo ambalo kwa maelezo ya mama yao halikumfurahisha hata kidogo, kwani alipoonyeshwa kichanga aliuliza kama kinaweza kurudishwa kilikotoka.

Alianza shule ya msingi mwaka 1953 na kumaliza sekondari mwezi Mei 1965, hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, lakini kwa miaka yote hiyo alihakikisha dawati lake liko jirani na la mtoto wa mwenye benki, na wakati wenzake wakijifunza hesabu yeye alijifunza nani wa kusalimiwa kwanza, somo ambalo alilifaulu vizuri sana na hakulisahau hadi anaingia kaburini.

Mwaka 1966 aliajiriwa kufunga mitambo ya kumwagilia mashamba, na tarehe 1 Aprili 1975 akafungua duka lake mwenyewe la mitambo hiyo, na hapa lazima tuseme haki, alifanya kazi kama punda, aliuza mitambo kaunti hii yote na mbili za jirani, akawauzia hata watu ambao visima vyao vilikuwa vimekauka, nao walimshukuru. Mwaka 1978 alipata leseni ya urubani, na mwaka 1981 akanunua ndege yake, ya injini moja na viti vinne, nyeupe yenye mstari wa buluu, na tangu siku hiyo hakukuwa na maongezi, iwe msibani au kwenye chakula cha Krismasi, ambayo hakuyageuza yakawa maongezi ya ndege.

Marehemu alifunga ndoa na Verna Sedlacek tarehe 19 Juni 1971, katika kanisa hili hili, wakajaliwa mtoto mmoja, Janelle, aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1974, ambaye leo ni rubani wa kunyunyizia mashamba dawa, na ambaye anarusha ndege vizuri kuliko baba yake, marehemu hatutamkwaza tena kwa kulisema hilo.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo Milo alishauriwa na baadhi ya wakwe aliruke, na ambalo hataliruka. Mtu anayekwenda Omaha kwa ndege yake mwenyewe huchagua pa kutua, na mwenye akili timamu huangalia urefu wa njia ya kurukia ndege, hali ya upepo na umbali wa kule anakokwenda. Ng'ambo ya mto unaopita kando ya Omaha kuna uwanja mdogo ambao Milo, akiwa fundi wa ndege, aliuchukua ukiwa gofu na kuufungua tena Jumamosi tarehe 17 Mei 1986, una njia moja ya lami, fupi lakini inayotosha, banda moja, mbwa mmoja, na gari kuukuu ambalo rubani yeyote anaachiwa ufunguo wake, avuke daraja, na baada ya dakika nane yuko katikati ya mji. Upande wa pili, mbali huko, kuna uwanja mkubwa, jina lake halina haja ya kutajwa humu kanisani, wenye ukumbi wa viti vya ngozi, biskuti za moto, na vijana waliovaa tai wanaokimbia kutandika zulia jekundu chini ya mlango wa ndege, na kutoka hapo hadi mjini ni karibu saa nzima ya foleni.

Marehemu alichagua zulia. Kidude chake cha injini moja kilikaa kati ya jeti za wenye makampuni kama kuku aliyepotea zizini, kikasogezwa hadi nyuma kabisa, karibu na mapipa ya taka, naye akabebwa kwa kigari kidogo akizipita jeti zote hizo, akiwapungia mkono watu wasiomjua, kisha akaketi kwenye ngozi, akala biskuti mbili, na aliporudi kwetu hapa akasimulia alikaa na nani. Hakukaa na mtu. Janelle alikuwa akienda naye, alitueleza yote.

Siku ya ufunguzi wa uwanja wa Milo walikuja marubani wa kaunti nne, soseji zikachomwa, Mama Blanche akaoka kolachi, vile vikate vitamu vya Kicheki, za plamu na za mbegu za popi, na kila mtu alikuwa akimngoja Eldon, kwa sababu mama alikwisha kutangaza kwamba wanawe wote wawili watakuwepo. Saa tano na nusu redio ya marubani, ambayo spika yake ilikuwa bandani na kila mtu aliisikia, ikatoa sauti ya marehemu akitaarifu kwamba anapita juu ya mto kuelekea uwanja mkubwa. Milo akashika kipaza sauti, akamwambia, "Eldon, shuka ule soseji bwana, mama yuko hapa," na jibu likatoka, likasikika na watu wote, na mama akiwemo, "Nina watu wa maana wa kuonana nao, Milo, halafu matairi yangu ni mapya, hiyo njia yako itayala." Watu wakacheka. Milo naye akacheka, angefanya nini, na mama akaenda kufunika kolachi.

Miaka thelathini na mitatu ikapita namna hiyo. Marehemu alikwenda Omaha kwa maonyesho ya mitambo, kwa harusi, kwa daktari wa meno, hata alipokwenda kumzika mke wa Milo, marehemu Rosalie, mwezi Novemba 2004, alitua uwanja mkubwa, akachelewa, akaingia kanisani wakati jeneza linatoka, na pale mlangoni, mbele ya watu, akasema foleni ya siku hiyo ilikuwa mbaya. Uwanja wa Milo na kaburi la Rosalie vinatazamana. Huo haukuwa usahaulifu, wala haikuwa hofu ya njia fupi, ulikuwa ni upumbavu wa mtu mzima, na familia inaomba radhi kwa neno hilo lakini hailiondoi.

Tarehe 6 Februari 2019 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akanyang'anywa ruhusa ya kurusha ndege, na kuanzia mwezi Machi ikawa Janelle anampeleka hospitali, Omaha, kila Jumanne. Hospitali hiyo iko mara tu ukivuka daraja. Milo alipopata habari alilijaza mafuta lile gari kuukuu, akalaza kiti cha mbele, akaweka mto na blanketi la Rosalie, na kila Jumanne asubuhi akaliwasha lipate joto, akasimama nje akisikiliza redio. Aliisikia sauti ya mpwawe ikitaarifu, akaliona tumbo la ndege likipita, likaenda. Janelle ametueleza yaliyokuwa yakisemwa humo ndani, alimwambia, "Baba, tushuke kwa baba mdogo, dakika nane tu umelala kitandani," na yeye, akiwa amejikunja kwa maumivu, akamjibu, "Nitue kwa Milo nionekane nimeishiwa? Peleka ndege, wewe." Akaketi kwenye foleni saa nzima, akitapika kwenye mfuko, ili asionekane ameishiwa, na wa kumwona hakuwepo. Milo akazima gari, akarudisha mto ndani, na Jumanne iliyofuata akautoa tena, kwa hiyo wajinga katika ukoo huu walikuwa wawili.

Marehemu alifariki dunia Alhamisi tarehe 3 Oktoba 2019, saa kumi alfajiri, hospitalini huko Omaha, mkewe na bintiye wakiwa naye. Janelle aliazima ndege ya viti sita, akang'oa viti, amrudishe baba yake nyumbani, akapiga simu uwanja mkubwa, na kijana wa huko, kwa adabu zote, akamwambia jeneza lipitie lango la mizigo, tena baada ya saa kumi jioni, wageni wakishaondoka. Janelle akasema, "Baba yangu ametua kwenu tangu mimi niko shule ya msingi." Kijana akauliza jina, akalitafuta, akaomba alirudie herufi moja moja. Basi, hapo Janelle akakata simu, akampigia Milo, akamuuliza, "Baba mdogo, uwanja uko wazi?" akajibiwa, "Uko wazi tangu mwaka themanini na sita."

Jumamosi tarehe 5 Oktoba, saa nne asubuhi, marehemu alifikishwa kwenye uwanja wa mdogo wake kwa mara ya kwanza. Milo alikuwa ameyaandaa maneno ya siku hiyo kwa karibu nusu ya umri wake, aliyasema akinyoa ndevu, aliyasema akikata majani pembeni mwa njia, yalikuwa makali, na aliyajua yote kwa moyo. Gari la maiti likafunguliwa, wanaume wanne wakalishika jeneza, wakaanza kuliinamisha ili liingie mlango wa ndege, na Milo akafungua mdomo, akasema, "Taratibu, jamani, mgongo unamsumbua." Mgongo huo Eldon aliuficha mbele ya kila mtu, ila si mbele ya yule aliyelala naye chumba kimoja utotoni, akimsikia usiku akigeuka. Maneno mengine hayakutoka, mpaka leo hayajatoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Omaha, waliomvumilia mgonjwa aliyewafundisha kazi yao, wafanyakazi wa duka la mitambo, ambao walimjua na bado wamekuja, majirani mlioleta nyama ya nguruwe na saladi za viazi zaidi ya uwezo wa friji ya Verna, na chama cha marubani kwa shada, ingawa limeandikwa jina la uwanja mkubwa. Uwanja mkubwa wenyewe haukutuma kitu, na hatuna neno nao.

Eldon, kaka, umerudi nyumbani kwa njia yangu, na nimekuombolezea kwa namna ninayoiweza, hii hapa. Sasa lala, tulia, usimsumbue mtu huko uendako, upumzike kwa amani.