Seneta Shamez Anapostaafu

Mheshimiwa Seneta mstaafu Shamez, mgeni wetu rasmi. Mwenyekiti wa Watanzania wa hapa Toronto, Ndugu Elias. Waheshimiwa wa meza kuu. Ndugu wageni waalikwa. Na mama yetu mzazi, Bi Zebunissa, ambaye kamati imemkalisha meza ya nyuma karibu na jiko: itifaki imezingatiwa.

Mimi ni Naheed, dada mkubwa wa mheshimiwa. Nimeombwa nimsifu, na Mungu anajua nimejiandaa. Mcheza kwao hutunzwa.

Mdogo wangu alitoka nyumbani kwetu Don Mills, hapa hapa Toronto, na suti moja, akavuka mpaka kwenda Marekani. Leo ana hoteli saba. Nani hapa hajawahi kulala humo, na nani aliwahi kupunguziwa bei? Kisha akaingia kwenye siasa, akashinda mara tano, na kila mara aliwaambia wapiga kura, "Mama yangu namtunza mwenyewe." Nilimsikia kwenye simu ya mwanangu huku nikifua mashuka ya Mama. Nikajisemea, kumbe tuna msaada!

Lakini tusimwonee. Kila kampeni alikuja, mwendo wa saa nne kwa gari, yeye na mpiga picha. Mama anavalishwa sari ya hariri, analishwa kitumbua mbele ya kamera, na kabla chai haijapoa mheshimiwa ameshaondoka. Mama amepigwa picha nyingi kuliko alivyopigiwa simu.

Mwezi uliopita nilimwandikia kwamba Jumanne hii nafanyiwa upasuaji wa nyonga, siwezi tena kumnyanyua Mama. Ofisi yake ikanijibu: "Seneta anathamini maoni ya kila mwananchi." Nililisoma jibu hilo bafuni, Mama akiwa ameniegemea begani. Nililia, siwafichi.

Mheshimiwa, sasa huna kikao wala kura. Mbele ya watu hawa wote nakuuliza: nani atamchukua Mama? Usihangaike kutafuta maneno. Ulipofika leo ulinitupia funguo nikakuegeshee gari, nami nikaliegesha. Kiti cha mbele nimeweka mto wake, kwenye buti kuna begi lake na dawa, kila moja nimeiandikia saa. Yeye mwenyewe ameshavaa koti.

Naona mheshimiwa anatikisa kichwa. Mpigieni makofi, ndugu zangu, amekubali!

Asanteni nyote kwa kunisikiliza kwa subira. Na wewe, Shamez, ukimnyanyua mshike kwapani, polepole. Utazoea.