Eliakim Wasike Mulongo wa Stuli Nne za Langas, 1968–2019

Eliakim Wasike Mulongo alikuwa mwana wa Mulongo, aliyeshika mashine ya kusokota nyuzi katika kiwanda cha nguo hapa Eldoret mpaka masikio yake yakaziba. Mulongo alikuwa mwana wa Wasike, aliyetoka Kimilili kwa miguu akiwa kijana, akakata miti ya miwati kwa mzungu wa Kapseret, na mzungu alipoondoka yeye akabaki na kununua kipande hiki cha ardhi tunachosimama juu yake leo. Mama yake alikuwa Nakhumicha, aliyeuza maharagwe sokoni na hakuwahi kumpimia mtu kwa kopo lililobonyea. Wako waliouliza wiki hii kwa nini hatumpeleki Kimilili. Babu yake amelala pale kwenye ua, baba yake yuko karibu naye. Jibu ni hilo.

Alizaliwa hapa Kapseret tarehe 14 Juni 1968, mtoto wa tatu na mvulana wa kwanza. Shangazi yake Rosebella, anayewasomea haya, ndiye aliyemwosha mara ya kwanza, kwa hivyo yanayosemwa hapa hayakuokotwa barabarani.

Alisoma hapa Kapseret hadi darasa la saba. Mwaka wa 1982 ulikuwa na mambo mengi kwake. Mwezi wa Agosti, serikali ikiwa bado inatafuta waliojaribu kuipindua wakashindwa, yeye alikuwa Kimilili kwa wajomba akitahiriwa, na hakupepesa jicho. Novemba akafanya mtihani wa CPE wa kumaliza darasa la saba, akawa wa sita. Aliyekuwa wa kwanza hatumsikii siku hizi. Alimaliza kidato cha nne mwaka wa 1986, akajifunza kupiga taipu, na mwaka wa 1988 akaandikwa karani katika chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa mahindi hapa mjini.

Kompyuta ilifika katika ofisi hiyo mwaka wa 1993. Meneja aliifunika kwa kitambaa cha kufumwa kama redio ya sebuleni na akakataza mtu kuigusa. Eliakim akaomba kazi ya kuipangusa vumbi. Alipangusa kila jioni baada ya kazi, na ilipofika Pasaka ikaonekana kwamba barua za ofisi zinatoka ndani ya kile kitambaa zikiwa safi kuliko za taipu.  Meneja alikiondoa kitambaa akakipeleka nyumbani kwake.

Tangu hapo Eliakim alipenda programu za kompyuta jinsi watu wengine wanavyopenda mpira. Ikitoka mpya, aliitafuta. Alikuwa na sanduku la CD ambalo hata mkewe Seline hakuruhusiwa kulisogeza. Mtu akija kuandikiwa barua ya kuomba kazi, alionyeshwa kwanza jinsi maneno yanavyoweza kupinda, kusimama na kuwa na kivuli, na wengine walichelewa hata kuipeleka hiyo barua.

Alimwoa Seline Nabwire wa Busia tarehe 14 Desemba 1996. Kadi za arusi alizitengeneza mwenyewe, kwa herufi za mapambo alizokuwa amezipata wiki hiyo. Shangazi yake aliisoma kadi mara tatu akauliza ni lugha gani. Pasta mgeni naye hakuweza kusoma jina la kanisa, akaenda kwa makadirio, na akaombea arusi ya watu wengine kabisa kabla ya kuletwa kwetu kwa baiskeli. Mungu aliwajalia Joyline mwaka wa 1998 na Austine mwaka wa 2003.

Chama kilipopunguza wafanyakazi mwaka wa 2000, Eliakim hakukaa kulia. Mwaka uliofuata alifungua duka la kompyuta pale Langas. Jirani yake ukutani alikuwa Nicholas, fundi wa redio. Hapo ndipo stuli nne zilipoanza. Kila Jumamosi alasiri, barazani mbele ya duka, walikaa Eliakim, Nicholas, Mwalimu Jeconia, na Jemutai aliyeleta maziwa kutoka Kapseret na ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Maziwa. Walicheza drafti kwa vifuniko vya soda, upande mmoja vikitazama juu na mwingine chini. Sheria yao ilikuwa moja: anayeshindwa anainuka na mwingine anakaa. Hakuna kuomba nafasi tena, hakuna kusema nilikuwa sijajiweka sawa. Nicholas ndiye aliyekuwa na mdomo. Akimla Jemutai kete alimwambia, "Mama, leo unauza maji," na Jemutai alimjibu kwamba redio zikitoka kwake huwa zinashika Uganda peke yake.

Jumamosi tarehe 29 Desemba 2007 walikuwa wakicheza huku wakingoja matokeo ya kura. Nicholas alikuwa na kingi mmoja, kete iliyofika mwisho wa ubao, na kete tatu, Jemutai alikuwa na kete nne, na zamu ilikuwa ya Jemutai. Simu yake ikalia. Alizungumza Kinandi maneno machache, akabeba mitungi yake, akaondoka bila kuaga. Mchezo ukabaki ubaoni.

Matokeo yalitangazwa siku iliyofuata, na moto ukaanza. Nicholas alikuwa Mkikuyu, na siku zile hilo lilitosha. Duka lake lilichomwa, na moto ukavuka ukuta ukala duka la Eliakim, stuli, ubao na sanduku la CD. Eliakim alitoka na kompyuta moja kifuani. Seline alimwuliza blanketi za watoto ziko wapi. Familia yetu ililala katika uwanja wa kanisa. Nicholas na watu wake walikaa katika kambi ya uwanja wa maonyesho, kisha wakapanda lori kwenda Njoro.

Mwezi wa Aprili Eliakim alipiga mabati mapya pale pale, akatengenezesha stuli nne. Jeconia akaja. Jemutai naye akaja, akakaa kama mtu aliyeitwa ofisini. Ya nne ikabaki tupu. Jeconia alisema watatu si mchezo, kwa sababu mmoja anageuka kuwa refa.

Eliakim alimpigia Nicholas simu kumwomba arudi, hata kutembea tu. Nicholas alikataa. Hakumlaumu Eliakim. Alisema kuna jambo moja tu analotaka kumwuliza Mama Maziwa, nalo ni kama siku ile alipoondoka alikuwa anajua yanayokuja akanyamaza. Na kwa kuwa anaogopa jibu, hataki kumwona. Jemutai aliambiwa. Alisema mwenye swali ndiye aje na swali lake.

Basi Eliakim akafanya alichojua kufanya. Mwaka wa 2009 alipata kwenye intaneti programu ya drafti, ya wale watu wanaoruhusu mtu yeyote kuifungua na kuibadilisha. Ilikuwa ya kigeni, kingi wake alitembea hatua moja kama mzee mwenye magoti, akaifundisha kingi wa Langas anayeruka kutoka pembe hadi pembe. Halafu akaanza kumtia Nicholas ndani yake. Alikumbuka anavyocheza, Jeconia akamkumbusha mengine, na walipokosa kuelewana alipiga simu Njoro na kuuliza kama kwa mchezo tu: "Wakikubana kushoto, na kete yako ya ukutani bado haijatoka, unafanyaje?" Nicholas alijibu kwa kirefu. Hakuna mtu anayekataa kuzungumza drafti.

Ilimchukua zaidi ya mwaka. Ilipokamilika, mashine ilicheza kama Nicholas na ikamla Jemutai kete ikaandika kwenye kioo: "Mama, leo unauza maji." Jemutai alifunika uso kwa leso. Kisha akaomba acheze tena. Mashine iliposhindwa, ambayo haikuwa mara nyingi, Jeconia alisema sheria ni sheria, aliyeshindwa ainuke. Kwa hivyo wakaibeba ile televisheni ya kompyuta, nzito kama gunia, kutoka stuli ya nne, wakaiweka sakafuni mpaka zamu yake irudi. Wateja walizoea kupanga foleni wakingoja watu wazima wamalize kuishusha na kuipandisha. Na ule mchezo wa tarehe 29 Desemba Eliakim aliuhifadhi humo kete kwa kete, na hakumruhusu mtu yeyote kuumalizia.

Mwaka wa 2015 figo zake zilianza kushindwa. Alisafishwa damu hospitalini mara mbili kwa wiki, na alimwuliza muuguzi mashine ile inaendeshwa na programu gani hadi akaitiwa fundi. Hakulalamika mbele ya watu. Seline ndiye aliyempigia Nicholas na kumwambia kwamba mwenzake sasa hupanda ngazi ya baraza kwa kushikwa mkono.

Nicholas alikuja Jumamosi tarehe 18 Februari 2017. Alimkuta Jemutai akicheza na mashine, akasoma kilichoandikwa kwenye kioo.

"Hayo ni maneno yangu," akasema.

"Na ni wewe unayenipiga," Jemutai akamjibu bila kugeuka. "Miaka yote hii unanipiga na hata hujui."

Nicholas alitazama kidogo. Alisema yule si yeye, yeye hawezi kufungua kete ya ukutani mapema namna ile. Eliakim akamwambia ulisema mwenyewe kwa simu, ukibanwa unaifungua. Nicholas akafikiri. "Kumbe ndiyo maana ulikuwa unaniuliza." Jeconia alicheka mpaka akatoka nje.

Eliakim aliomba ubao, akapanga vifuniko kama vilivyokuwa siku ile. Nicholas alikaa upande wake, Jemutai upande wake. Nicholas akauliza swali lake.

"Kaka yangu alipiga akasema nirudi nyumbani upesi," Jemutai akasema. "Sikuuliza kwa nini. Ningeuliza, Nicholas, ningekuwa na la kukuambia."

 Nicholas aliutazama ubao, hakumtazama Jemutai.

"Ni zamu yako," akasema. "Imekuwa zamu yako tangu siku ile."

Jemutai akasogeza kete. Baada ya miaka ya kupigwa na yule wa mashine, alikuwa amezijua njia zake zote, akamshinda. Alimwambia kwamba wewe wa kompyuta ni mgumu zaidi. Nicholas akainuka kama sheria inavyotaka, na Eliakim akakaa.

Jioni hiyo Eliakim alimfuta Nicholas katika mashine. Jeconia alisikitika, lakini Eliakim alisema mwenyewe amepatikana. Nicholas hakuhamia tena Eldoret. Lakini alikuja Jumamosi moja kila mwezi, na leo yuko hapa, ndiye aliyeshika upande wa kulia wa jeneza.

Eliakim aliaga dunia hospitalini hapa mjini asubuhi ya Jumanne, tarehe 12 Machi 2019, Seline akiwa kando yake. Ameacha mjane Seline Nabwire, watoto Joyline na Austine, dada zake wawili, shangazi Rosebella, na wale wenzake watatu ambao familia imeamua waandikwe hapa pamoja na ndugu. Tunamshukuru Mungu kwa miaka hamsini aliyotupa. Mtumishi wake amechoka, ampumzishe.

Limebaki neno moja, na aliyeachiwa ametukubalia lisomwe. Joyline anasoma mambo ya kompyuta chuoni. Baba yake alipolazwa mara ya mwisho, binti aliifungua ile programu akaanza kumtia baba ndani yake, jinsi anavyocheza na anavyotania, ili stuli isikae tupu. Jeconia alimsaidia. Mgonjwa akagundua, kwa kuwa Joyline alianza kumwuliza ukibanwa kushoto unafanyaje.

Alimwita karibu na kitanda.

"Nicholas nilimweka kwa sababu angeweza kurudi," akamwambia. "Mimi usiniweke. Nikishindwa nimeinuka. Jumamosi nenda ukae pale wewe, na Mama Maziwa akikutukana, mjibu."