Leonard Tunnicliffe na Vioo vya Nyufa

Leo, Jumatano tarehe 20 Machi 2024, tumekutana katika kanisa hili la Collemorino kumrudishia Mungu mtumishi wake Leonard Tunnicliffe, aliyefariki Alhamisi iliyopita kilima kilipoichukua nyumba yake. Familia imekubaliana kusoma habari za maisha yake zote bila kuficha, hata zile zinazouma. Sababu ni kwamba kuna watu waliokaa kwenye mabenchi haya ambao huenda jambo lililompata yeye linawasubiri nyumbani kwao.

Marehemu alizaliwa Jumatatu tarehe 9 Februari 1948 katika mji wa Leek, Uingereza, akiwa mtoto wa pili wa mzee Harold Tunnicliffe, aliyefanya kazi katika kiwanda cha hariri, na mama Edna. Alilelewa katika Umethodisti, na nyimbo za utotoni aliziimba mpaka uzeeni akiwa juu ya ngazi, huku amebana misumari midomoni.

Alisoma katika shule ya msingi ya mtaa wao, kisha akaendelea mpaka mwaka 1963 alipoacha shule akiwa na miaka kumi na mitano. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba siku moja kiti cha mwalimu kilikuwa kinayumba. Wakati wa mapumziko Leonard akakata mguu mmoja kidogo ili kikae sawa. Kikayumba upande wa pili. Akakata na ule mwingine, kisha mwingine, akizunguka hivyo. Kengele ilipolia, mwalimu alikaa, magoti yakamfika karibu na kidevu. Leonard alichapwa, lakini kiti, alisema, kilikuwa hakiyumbi tena. Hivyo ndivyo alivyokuwa tangu mwanzo. Kitu kinachotikisika hakikumpa usingizi mpaka akitulize.

Mwaka huohuo wa 1963 alianza kujifunza useremala katika karakana ya samani za shule, na hapo alidumu miaka arobaini na mmoja, mpaka karakana ilipofungwa mwaka 2004. Tarehe 26 Septemba 1970 alifunga ndoa na Pauline Brindley. Mungu akawajalia watoto wawili, Neil na Alison. Ndoa ilidumu miaka hamsini na mitatu. Mama Pauline anasema katika miaka yote hiyo hajawahi kuona droo inayokwama wala kitasa kilicholegea ndani ya nyumba yake.

Mwezi Juni 2005 walihamia huku katika milima ya Abruzzo, wakanunua nyumba ya mawe pale Fonte Secca, kwenye mteremko juu ya shamba la mzee Quinto Marcantonio. Walikuja na vitanda, vikombe vya chai, na kibanda kizima cha kukuzia nyanya, chenye paa la plastiki ngumu inayong'aa kama kioo. Quinto alilitazama lori likishusha kile kibanda akauliza kama Waingereza wanafikiri huku hakuna jua.

Majira ya baridi ya kwanza mita yao ya maji iliganda ikapasuka. Quinto alikuja akamkuta Leonard amesimama kwenye barafu akiwa na soksi tu miguuni.

"Hukuifunga blanketi?"

"Mita ya maji, blanketi?"

"Wewe umevaa koti, Leonardo. Yenyewe ivae nini?"

Tangu siku hiyo Leonard aliamua kwamba hakuna mgeni atakayekuja bondeni kwetu akateseka kwa kutojua. Wote mliotoka Uingereza mnajua. Ni yeye aliyewaonyesha kuni za kununua na za kukataa, akawaambia bomba la jiko lizibuliwe kabla ya Oktoba, akawafundisha kuchukua namba ya foleni posta na kutopiga simu kwa fundi saa nane mchana watu wakiwa wamelala. Sheria za vibali vya ukaazi zilipobadilika aliwapeleka manispaa kwa gari lake, wawili wawili, na mikate mfukoni kwa sababu ya foleni. Malipo yake yalikuwa chai. Mwaka 2008 Neil alipomwoa Ivana, binti wa hapa kijijini, Leonard alijenga mwenyewe meza ya karamu, na watu arobaini wakala juu yake bila glasi moja kutikisika.

Baada ya tetemeko la mwaka 2009 ulitokea ufa mwembamba katika ukuta wa jikoni, upande wa bondeni. Alikuja mpimaji majengo, Bibi Fabrizia Tontodonati, akafanya kama inavyofanywa huku siku zote. Alichukua vipande vitatu vya kioo chembamba, virefu kama kidole, akavibandika kwa plasta kukatiza ufa, akaandika tarehe kwa penseli pembeni. Kioo hakipindi wala hakinyumbuki. Ukuta ukisogea hata unene wa unywele, kinakatika.

"Kikikatika, nipigie simu siku hiyohiyo," Bibi Fabrizia alimwambia. "Usingoje kesho, na usikiguse."

Vioo vilikaa vizima miaka saba. Mwaka 2016 kimoja kilikatika. Leonard alipiga simu siku hiyohiyo. Bibi Fabrizia alibandika kipya, akaagiza maji ya mvua yaelekezwe mbali na nyumba, na Leonard alichimba mfereji wa mita thelathini kwa mikono yake. Hapo hana lawama yoyote.

Februari 2018 theluji kubwa iliyeyuka kwa siku tatu, na asubuhi moja vioo viwili vilikutwa vimekatika. Mama Pauline alifunga begi, akachukua mto na rozari aliyopewa na Ivana ingawa si Mkatoliki, akaenda kulala ndani ya gari hapa mbele ya kanisa. Alilala humo siku nne, na Leonard kila jioni alimletea supu kwenye chupa ya chai akamsihi arudi.

"Nitarudi vioo vikiacha kuvunjika," alimwambia.

Siku ya tano Leonard alimwendea akamwambia ameweka vipya, imara zaidi, na hatasikia tena habari ya kuvunjika. Mama Pauline alirudi nyumbani. Kweli havikuvunjika tena.

Familia haikujua alichofanya. Aliyejua ni mzee Quinto, naye ameomba mwenyewe liandikwe na lisomwe mbele yake. Quinto alimkuta Leonard kwenye kibanda cha nyanya akikata paa kwa msumeno mdogo, vipande virefu kama kidole.

"Hiyo ni plastiki," Quinto alisema.

"Ni bora kuliko kioo. Baridi haiikati, jua haliikati."

"Na ukuta ukisogea?"

"Inanyumbuka nao. Nyumba za zamani zinapumua, Quinto. Wewe mwenyewe uliniambia."

"Nilikuambia ili ununue nyumba. Sasa ukuta utakuambiaje kitu?"

"Sitaki uniambie kitu. Nataka mke wangu alale."

Quinto alicheka. Walikunywa glasi moja moja ya divai, akashuka shambani kwake, na miaka sita hakumwambia mtu. Ijumaa iliyopita alikuja nyumbani kwa Neil akiwa ameshika kofia mkononi, akasema jambo hili, akashindwa kumaliza. Ivana alimshika mkono wakasali pamoja. Hakuna mtu katika familia hii anayemshtaki mzee Quinto. Wala Leonard hakufanya kwa hila. Alifanya kwa sababu hakuweza kuvumilia kumwona mkewe amelala kwenye kiti cha gari, na kwa sababu mikono yake ilizoea kutuliza kila kinachotikisika.

Mwezi Novemba 2023 alifanyiwa upasuaji wa nyonga katika hospitali ya mjini. Upasuaji ulikwenda vizuri, tunamshukuru Mungu na madaktari, lakini alibaki anatembea kwa magongo mawili, na ngazi zilimchosha. Hakutaka kuhamia kwa Neil. Alisema mtu akishalala kitandani kwa mwanawe haamki tena akiwa baba.

Majira haya ya baridi mambo yalianza kuonekana, nasi tuliyaona moja moja bila kuyaunganisha. Mlango wa jikoni ulianza kukwama mwezi Januari. Leonard alikaa kwenye stuli akaupiga randa, ukafunguka. Februari ukakwama tena, akaupiga randa tena. Maji ya kisima yalibadilika yakawa meupe kama maji ya mchele. Mama Pauline aligundua kwamba akikaanga yai, mafuta yote yanakimbilia upande wa bondeni. Leonard alichonga kipande cha mti akakiweka chini ya mguu wa jiko, na mafuta yakatulia. Mbwa wao, Biscuit, aliyelala jikoni miaka tisa, alianza kulala nje mvuani. Wakasema amezeeka.

Mvua ilianza tarehe 5 Machi. Jumatano jioni tarehe 13, Ivana aliwapelekea supu ya dengu. Akiwa bado na koti alimuuliza mkwewe:

"Baba, mvua hii siipendi. Vioo vikoje?"

"Vizima, binti yangu. Vyote vitatu."

"Umeviangalia lini?"

"Sasa hivi, nikichemsha chai. Wewe na Quinto mnataka kunizika kabla sijafa."

"Nakuuliza tu."

"Na mimi nakujibu tu. Kaa ule."

Ivana alimshukuru Mungu moyoni kwamba vioo ni vizima, akaketi, akala. Alikaa dakika ishirini chini ya ukuta ule. Alipokuwa anaondoka mlango ulikwama, na Leonard alimwambia apite wa mbele, huu atauchonga kesho.

Alhamisi tarehe 14 Machi, siku ya soko, Ivana alimchukua Mama Pauline saa tatu asubuhi. Walimwomba Leonard aende nao. Alisema nyonga inamuuma, wamletee nyama ya nguruwe ya kuchoma, ile yenye ngozi ngumu. Saa nne na robo Quinto alikuwa anafunga mizabibu chini. Anasema hapakuwa na radi. Ilikuwa sauti kama ya lori linalomwaga kokoto, halafu mizeituni ya juu ikatembea ikiwa imesimama wima, na nyuma yake jiko lote na nusu ya nyumba vikashuka. Aliita jina la Leonard mpaka sauti ikakauka. Zimamoto walimfikia saa kumi na dakika arobaini jioni. Alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, uliokuwa umebanwa ndani ya fremu yake, na randa ilikuwa chini ya mkono wake. Daktari ametuhakikishia kwamba hakuteseka.

Kijana mmoja wa zimamoto alimpa Neil kipande cha ukuta kilichobebwa kutoka kwenye matope. Kilikuwa kimepasuka ufa wa kupitisha kidole. Juu ya ufa kulikuwa na kile kipande cha plastiki, kimevutika na kupinda kama upinde, na hakikuwa na hata mkwaruzo.

Sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuseme haya yote. Leonard hakukata vipande kwa ajili ya nyumba yake tu. Krismasi ya mwaka 2019 na miaka iliyofuata, wenzake kutoka Uingereza walipomlalamikia kuhusu nyufa na vioo vinavyowanyima usingizi, aliwasaidia kama alivyowasaidia kwa kuni na mita za maji. Alikuja na bahasha ya vipande na gundi, akabandika, akanywa chai, akaondoka. Neil amelitoa paa la kibanda cha nyanya akapima nafasi zilizokatwa. Ni vipande kumi na sita. Vitatu vilikuwa kwake. Tisa vimepatikana wiki hii katika nyumba nne, na Bibi Fabrizia ameshawatoa watu katika mbili kati ya hizo. Vinne hatujui viko wapi. Leonard hakuandika mahali popote, na tuliowauliza wamesema hawakumbuki.

Marehemu ameacha mjane, Mama Pauline. Watoto wawili, Neil na Alison. Mkwe mmoja, Ivana. Mjukuu mmoja, Tommaso. Dada yake, Bibi Marjorie, ambaye ameshindwa kusafiri kwa sababu ya umri. Na jirani yake, mzee Quinto, ambaye familia inamhesabu kuwa ndugu.

Bibi Fabrizia amesimama mlangoni mwa kanisa na atabaki hapo mpaka mtu wa mwisho atoke. Mvua bado inanyesha. Kama Leonard alikuja kwako na bahasha, hata kama unaona aibu, hata kama nyumba unataka kuiuza, hata kama kioo chako kinaonekana kizima, tunakusihi kwa jina la Bwana usirudi ndani ya nyumba yako leo. Mwambie yeye, au mshike Ivana mkono tu, ataelewa. Nyumba ya Neil ina vitanda, na parokia imefungua ukumbi.

Mama Pauline ameomba jeneza lisitolewe kanisani mpaka vile vinne vipatikane. Padre Ubaldo amekubali. Kwa hiyo tutakaa, tutaimba zile nyimbo zake za utotoni, na pamoja na Leonard tutamngojea yeyote atakayeinuka. Ee Bwana, mpokee Leonard katika utulivu wako, na uwape walio hai ujasiri wa kusimama.