Mzee Ngumbao, Fundi wa Maua ya Magugu

Hivi punde mwanangu Pola ameipanda meza, akabonyeza kompyuta anapopajua yeye, na shati la Mzee Ngumbao kwenye picha ya jalada la programu hii ya kumuaga likageuka kijani kama mchicha. Nilitaka kulirudisha liwe jeupe. Mzee mwenyewe akachungulia, akacheka mpaka chai ikampalia, akasema, "Liache, mama. Mtoto ana jicho huyo." Basi mkiona shati hilo jaladani, ni kazi ya mwanafunzi wake mdogo kuliko wote.

Mzee Ngumbao anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Januari, baada ya miaka ishirini na sita katika studio yetu ya picha na uchapaji hapa Malindi. Tajiri wetu, Bi Zeina, amenipa mimi Kanze kazi ya kuandika wasifu huu. Shule yangu iliishia darasa la nane, na kompyuta nimefundishwa na huyu huyu anayeondoka, kwa hiyo mkiona makosa mlaumuni yeye.

Alianza kwa picha za vitambulisho: kaa wima, usicheke, haya, anayefuata. Kompyuta ilipoletwa, wenzake waliizunguka kama nyoka aliyeingia nyumbani. Yeye alivuta kiti akakaa. Kila mvua ikinyesha alikwenda kwao Ganze, akarudi na maua kwenye kamera na tope kifuani, maana ua dogo hupigwa picha mtu akiwa amelala kifudifudi. Majirani wamewahi kumkimbilia na maji wakidhani amezirai.

Hapa studio ndipo kazi ilipoanza hasa. Ua la ukubwa wa kifungo cha shati alilikuza, akakitia giza kila kilichokuwa nyuma yake, akaongeza mwanga kidogo pembeni, na ua likatoka peke yake kama lililoshikiwa taa. Chupa za plastiki alizifuta. Sisimizi aliwaacha. Bibi harusi mmoja, aliyewekewa ua hilo nyuma yake pichani, alilalamika, "Nitolee huyo mdudu, hakualikwa!" Mzee akamjibu kwamba sisimizi ndiye mwenyeji pale, bibi harusi ndiye mgeni.

Wateja wetu, Mungu awazidishie, hulipenda ua ambalo halikuota karibu nao. Waridi la mtandaoni, sawa. Ua lililoota hapo kijijini Ganda, kando ya mihogo, wanang'aka: "Mnaniweka kwenye magugu mimi?" Mzee hakubishana. Alilichukua lile lile, akalififisha kingo, akamrudishia mtu. "Ehee! Hili ndilo sasa! La Uholanzi?" Mzee akasema ni la mbali kidogo.

Mara moja tu alinaswa. Bwana Mwambire, mkulima wa mahindi wa Ganze, alikuja kuchukua picha ya harusi ya binti yake. Nyuma ya maharusi Mzee alikuwa ametandaza maua mekundu mazuri ajabu, mpaka Bi Zeina alikuwa ameita watu wa duka jirani waje watazame. Mwambire akaitazama picha, akatutazama sisi. "Hili gugu ndilo linalonyonya mahindi yangu misimu mitatu," akasema. "Nalala njaa kwa ajili yake, na ninyi mmelipamba kumshinda mwanangu!" Akakataa kuigusa. Mzee akakaa, akabonyeza mara chache, maua yakawa ya buluu. Mwambire akatabasamu. "Haya, hilo ni ua." Akaenda kuitundika picha sebuleni.

Tangu hapo kila harusi ilitaka buluu ya Mwambire. Wageni wa hoteli moja ya Bofa wakaja na kofia na viatu vya porini, wapelekwe Ganze wakalione ua la buluu. Mzee alijifungia chooni mpaka walipoondoka. Alipotoka aliniambia, "Mama, kumulika ua, mulika. Kulikuza, likuze. Lakini mtu akifunga safari kwenda kulitafuta, alikute." Hakulipaka buluu tena, na wateja wa maua wakapungua.

Sasa Rashad, mpwa wa Bi Zeina, ana simu inayochora maua yenyewe. Anasema siku hizi si lazima ua liote. Bi Zeina ameamua: Mzee akiondoka, kazi ya maua ifungwe na kompyuta apewe Rashad, isipokuwa kabla ya Ijumaa apatikane japo mteja mmoja anayeyataka maua yetu kwa rangi yake ya asili. Nami mikono yangu imeshaizoea kompyuta hiyo, Pola akiwa mapajani. Leo ni Alhamisi. Bado natazama mlango.

Na huko mbele kuna kelele. Ni Mwambire! Anaoza binti wa pili. "Nataka lile gugu langu, jekundu vile vile, na msinipake buluu! Mwaka huu nimeling'oa lote, nimevuna. Nataka nilitundike ukutani kama pembe za nyati!" Rashad anamwonyesha simu. Mwambire anauliza kama simu hiyo imewahi kushika jembe. Bi Zeina anaita fundi wa maua, na Mzee hata hainuki. Anakunywa chai yake, ananinyooshea kidevu mimi.

Mzee Ngumbao, wenzako wa studio tunakushukuru, na tunakuombea Ganze mvua ya kiasi, magoti yasiyouma na majirani wasiokumwagia maji. Nami nilitaka kukwambia

"Kanze! Fundi, mteja asubiri mpaka lini?"

naja, Bi Zeina, naja, namalizia tu kumwambia kwamba kiti chake nitaki