Kosa la Kuziba Ufa: Risala ya Wakazi wa Mtaa wa Ufukoni

Mgeni rasmi, mkuu wa idara ya ardhi. Viongozi mliofuatana naye. Majirani zetu wa mtaa wa juu. Mabibi na mabwana:

KARIBU KWETU

Sisi wakazi wa Mtaa wa Ufukoni tunakukaribisha kwa mikono miwili. Umekuja kuzindua nguzo za zege zinazoonyesha mpaka wa ufuko, nasi tumefagia njia utakayopita. Tumeshauriwa tuseme mazuri tu, na mazuri tunayo. Lakini mengine tusipoyasema leo, hatujui tutayasemea wapi.

TULIKOTOKA

Wazee wetu walijenga hapa maji yakiwa mbali. Mtoto akitumwa kuchota ya kuoshea vyombo, alipata muda wa kucheza njiani akasahau alichotumwa. Leo povu linalamba vizingiti. Hatubishani na sheria inayokataza kujenga karibu na maji. Sababu yake tumeiona kwa macho yetu.

MAFANIKIO

Tumechimba mtaro, tumejenga choo cha jumuiya, na tuna kikosi cha kuwabeba wagonjwa maji yakipanda. Hicho cha mwisho tungependa kisiwepo.

HOFU ZETU

Sheria ilipokuja, maofisa walitafuta mtu wa kupaka alama. Wakampata jirani yetu, fundi rangi, mtu mpole anayeishi na mama yake mzazi, kikongwe asiyeona vizuri. Kibarua ni kibarua, akashika brashi. Ofisa alivuta futi kamba kutoka majini, fundi akimfuata nyuma na kupaka alama nyekundu kwenye kila nyumba iliyoangukia ndani ya mpaka. Majirani walimtazama bila kumsalimia. Mjane mmoja alimwita msaliti kwa sauti ya kumfikia.

Futi ikafika kwake, ikakata katikati ya chumba cha mama yake. Fundi akasimama. Aliuliza kama wamepima sawasawa. Ofisa akamjibu kwamba futi haina ndugu. Fundi akapaka.

Mama yake aliisikia harufu ya rangi kutoka kitandani, akauliza kuna nini.

"Naupendezesha ukuta, mama," akasema.

Mama akamshukuru na kumwombea dua. Fundi ametuambia kwamba ni dua ile iliyomkosesha usingizi.

Mgeni rasmi, nyumba yenye alama hairuhusiwi kukarabatiwa, na pa kuhamia hatujaonyeshwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumekatazwa yote mawili. Ukuta wa chumba kile ulipopasuka, fundi alikuwa na mwiko na saruji uani, lakini hakugusa. Kila asubuhi alipitisha kidole kwenye ufa kuona umekua kiasi gani, kisha akachungulia barabarani kama kuna gari la maofisa. Hakujua aogope lipi zaidi, maji au gari.

Maji yakatangulia. Ilikuwa adhuhuri ya jua kali, hakuna mvua, hakuna dalili. Yalipanda mpaka uani na ukuta ukalala. Tulimkuta fundi amejikunja juu ya mama yake, matofali yamelala mgongoni mwake. Wote wawili wako hai. Mama alivunjika nyonga, na sasa hata ndoo ikimwagwa hushika nguo ya aliye karibu naye, asiachie.

Fundi alipoweza kuinama tena, hakwenda kujenga kwake. Alikwenda kwa mjane yuleyule aliyemwita msaliti, ambaye ukuta wake ulikuwa umepasuka usawa wa kitanda cha wajukuu. Akachanganya saruji mchana kweupe. Mjane alimsihi aache, watamfunga.

"Mama," akamwambia, "nikifungwa nitatoka. Wakifunikwa na ukuta hawa, nani atawatoa?"

Akaziba. Sasa ameitwa mahakamani kwa kukarabati nyumba iliyokatazwa. Tangu hapo gari lolote likipunguza mwendo, maongezi hukatika vibarazani na watoto huingizwa ndani.

MAOMBI

Tunaomba tuonyeshwe pa kwenda kabla ya kuambiwa tuondoke. Hadi siku hiyo, turuhusiwe kuziba nyufa. Tunaomba pia futi ile ivutwe hadi upande wa pili, kwenye ule ukuta mkubwa wa mawe usio na alama, uliojengwa ndani ya maji, kisha maji yakahamia kwetu. Unaonekana kutoka hapo ulipoketi. Hatuongezi neno.

Na kuhusu fundi. Shtaka linasema alitenda peke yake. Si kweli. Mchanga walibeba vijana wa mtaa, maji alichota mjane mwenyewe, mbao za kuegemeza ukuta alizitoa seremala, nasi tuliobaki tulisimama njiani kuchunga gari lenu. Fundi hajui kwamba tunalisema hili; angejua, angetukataza. Tunaogopa, mgeni rasmi, na hatuoni haya kukuambia. Lakini siku atakapoitwa jina lake mahakamani, tutaitika sote.

Mwenyezi Mungu akurudishe salama kwa watu wako, na usiku wa leo mlale chini ya kuta zilizosimama.

Ni sisi,
Wakazi wa Mtaa wa Ufukoni